Je, Diklofenaki Inaua Bakteria? Jibu kwa Barua ya Kamati Moja

(Maelezo yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za afya za sharika)



Nimeombwa nizungumzie matumizi ya fedha za dawa. Nitaanza na barua. Miezi michache iliyopita kamati ya usharika mmoja ilituandikia ikiomba kubadili orodha ya dawa za zahanati yao. Walitaka kupunguza antibiotiki, ambazo ni ghali na huisha mapema, na fedha hiyo wanunue makopo ya diklofenaki. Sababu waliieleza vizuri: mjumbe mmoja alikuwa amesoma kwamba diklofenaki, mbali ya kutuliza maumivu, inaua pia bakteria. Wakauliza: kama dawa moja inafanya kazi mbili, kwa nini tununue mbili?

Nilitaka kujibu kwa neno moja: hapana. Lakini mimi si daktari. Shahada yangu ni ya mambo ya maendeleo. Nikaona si haki kuwakatalia watu waliojitahidi kusoma, nami sijasoma. Basi nilikaa na mganga mfawidhi wa moja ya zahanati zetu, tukalichunguza jambo hili. Na la kwanza ninalopaswa kuwaambia ni kwamba yule mjumbe hakudanganya.

Walichokiona watafiti

Tangu miaka ya 1990 watafiti wa mjini Kolkata, India, wamekuwa wakijaribu dawa za kawaida ambazo si antibiotiki, waone kama zinagusa bakteria. Diklofenaki ilikuwa mojawapo. Katika maabara iliwazuia bakteria wa aina nyingi wasikue. Panya walioambukizwa bakteria wa jamii ya salmonela, kisha wakapewa diklofenaki, walipona wengi zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka 2000 watafiti hao walieleza kwamba dawa hiyo huwazuia bakteria kutengeneza chembe urithi, na asiyeweza kutengeneza chembe urithi hawezi kuzaliana. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, nao walionyesha kuwa baadhi ya dawa za jamii hiyo hukamata sehemu ya bakteria inayohusika na kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo jambo hili ni la kweli, na wanasayansi wana haki ya kulifuatilia. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yanasema kwamba mwaka 2019 pekee watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Palipo na upungufu wa silaha, kila chuma hutazamwa.

Tatizo ni kipimo

Sasa tuje kwenye kopo letu la vidonge. Kule maabara, bakteria wengi walizuiwa kwa kiasi cha mikrogramu 50 hadi 100 za diklofenaki katika kila mililita. Mtu akimeza kidonge cha miligramu 50, kiasi kinachofika katika damu yake ni kama mikrogramu 1 au 2 tu kwa mililita. Tena karibu yote hujishikiza kwenye protini za damu, ikabaki kidogo mno ya kupambana na chochote.

Mnavijua vidonge vya kutibu maji, kile cha ndoo moja ya lita 20. Chukua kimoja ukitumbukize kwenye tangi la lita 500. Dawa ni ile ile, na ni kweli kwamba inaua vijidudu, lakini utakayemnywesha maji yale utamwugua.

Mtu atasema: basi tuongeze vidonge. Hapana. Diklofenaki ikizidi hutoboa vidonda tumboni na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito ni hatari, hasa mimba ikishapita wiki 20. Kabla dozi haijafika pa kumwua bakteria, itakuwa imekwisha kumwumiza mgonjwa.

Wanawake wa Uswisi

Je, kuna aliyejaribu kwa watu? Yupo. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uswisi kwa wanawake 253 wenye maambukizi mepesi ya njia ya mkojo, yale tunayoyaita UTI. Kundi moja lilipewa diklofenaki, jingine antibiotiki. Siku ya tatu, waliokwisha kupata nafuu kamili walikuwa asilimia 54 upande wa diklofenaki na asilimia 80 upande wa antibiotiki. Na wanawake 6 wa diklofenaki walipata maambukizi yaliyopanda hadi kwenye figo. Upande wa pili hakuna hata mmoja.

Niseme pia upande wa pili wa habari: zaidi ya theluthi moja ya wale wa diklofenaki walimaliza mwezi mzima bila kuhitaji antibiotiki. Lakini hao hawakuwa na ujauzito wala ugonjwa mkubwa, walikuwa wamepimwa, walikuwa na daktari wa kumrudia, na mkononi walikuwa na antibiotiki ya akiba. Mama wa kijijini, mwenye zahanati mwendo wa saa tatu kwa miguu, hana hata kimoja cha hivyo.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka sita iliyopita mama yangu alinipigia simu kutoka nyumbani akilalamika kiuno na homa za usiku. Nikamtumia fedha kwa simu, nikamwambia, "Mama, nunua diklofenaki, ni uchovu wa shamba." Alipomeza, homa ilishuka, kiuno kikatulia, akaenda kupalilia. Nguvu ya dawa ikiisha, homa inarudi, anameza tena. Siku ya tisa hakuweza kuinuka kitandani. Hospitali ilikuta maambukizi ya mkojo yamefika kwenye figo. Alilazwa siku kumi na moja. Daktari aliponiuliza ni nani aliyemwandikia dawa ile, nilinyamaza, maana ni mimi.

Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilijifunza kwamba dawa ya maumivu inaweza kuzima king'ora huku nyumba inaungua.

Habari ya karibuni

Liko na jingine. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Kusini walichukua bakteria aina ya E. coli, ambao ndio huleta UTI mara nyingi, wakawaweka pamoja na antibiotiki iitwayo siprofloksasini na dawa za kawaida zikiwemo ibuprofeni na parasetamoli. Dawa hizo mbili za maumivu ziliwasaidia bakteria kubadilika na kuwa sugu zaidi, na zilipowekwa pamoja hali ilizidi. Hayo nayo ni ya maabara, na hakuna aliyesema tuache kumpa mtoto parasetamoli akiwa na homa. Lakini yanatuonya: dawa inayogusa bakteria kidogo si lazima iwe rafiki yetu.

Tulichokubaliana

Tulirudi kwa kamati ile na karatasi hizi. Hawakukasirika. Mzee mmoja alisema, "Kumbe tulisoma ukurasa wa kwanza tukafunga kitabu." Orodha ilibadilishwa kweli, ila kwa namna nyingine: antibiotiki zilibaki, diklofenaki ikabaki kwa kazi yake ya maumivu, na sehemu ya fedha ikanunua vijiti vya kupimia mkojo. Sasa mwenye dalili hupimwa kwanza. Asiyehitaji antibiotiki hapewi, na anayehitaji hupewa dozi kamili. Hapo ndipo akiba ilipokuwa imejificha.

Ndugu wajumbe, nawaomba mambo matatu mkirudi kwenye sharika zenu. Kwanza, pasiwepo kamati inayobadili orodha ya dawa bila mganga mfawidhi. Pili, tangazeni baada ya ibada kwamba homa inayorudi kila dawa ya maumivu inapoisha nguvu ni ya kupimwa, si ya kununuliwa kopo jingine. Tatu, msiwavunje moyo wanaosoma. Waambieni wailete habari hiyo kwenye kikao tuisome wote hadi mwisho.

Na ninyi wafadhili wetu, najua jengo lina picha nzuri kuliko kijiti cha kupimia mkojo. Kijiti hakizinduliwi wala hakiandikwi jina la mtu. Lakini kama zahanati ya kwetu ingekuwa nacho siku ile, na mimi ningekuwa nimesema, "Mama, nenda kapime," asingelazwa siku kumi na moja.