Dawa ya Njiani na Mtoto Mwenye Malaria Kali

Msikilizaji, tuzungumzie malaria kali. Mtoto aliyeamka na homa, jioni macho yanageuka, meno yanabana, mwili unakakamaa. Degedege. Wapo wanaokimbilia kwa mganga kwanza, huku chembe za damu zenye vimelea zikiziba mishipa midogo ya ubongo. Sukari inashuka, damu inapungua, viganja vinapauka. Saa chache zinatosha kuua.

Sasa, hoja yenyewe ni hii. Ipo dawa ya malaria iitwayo artesuneti, ya kuwekwa njia ya haja kubwa, kwa mtoto wa chini ya miaka 6 aliye mbali na hospitali. Mhudumu wa afya wa kijijini anaiweka palepale. Wanaoitetea wanasema inampa mtoto nafasi ya kufika penye sindano na damu ya kuongezewa.

Kwa upande wa pili, ilipogawiwa Kongo, Nigeria na Uganda, watafiti hawakuona vifo vikipungua. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisitishe kwa muda kuisambaza zaidi. Kwa nini vifo havikupungua? Homa ikitulia, pengine safari huahirishwa. Na hata anayefika, pengine anaruhusiwa kurudi nyumbani bila dozi kamili ya dawa mseto.

Binafsi, silaumu dawa. Naitazama ile bodaboda ya saa nane za usiku, na mama anayehesabu sarafu mlangoni.

Basi tujiulize: tukishampa mhudumu wa kijiji dawa, nauli ya kwenda hospitali ataitoa nani?