Tangi la Maji Moto Lililokwisha Tumika: Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama



Baridi ya Ufipa haihitaji kusimuliwa mbele ya watu wa Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai mgeni afikaye jioni huuliza maji ya moto kabla ya kuuliza chakula. Chama chenye nyumba ya wageni hakina budi kuyatafuta maji hayo. Tangi jipya ni ghali. Ndipo hujitokeza muuzaji mwenye tangi lililong'olewa katika jengo la zamani; bei yake ni ndogo, na kamati huona imepata nafuu.

Nafuu hiyo yaweza kuwa ya kweli. Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tangi lililokwisha tumika laweza kuwa na hatari mbili zisizoonekana kwa nje: uchafu uliojificha ndani, na vali ya usalama isiyofanya kazi. Kwa hiyo fedha ya wanachama isitoke yote kabla tangi halijakaguliwa, halijasafishwa na halijajaribiwa.

Kabla ya kununua

Swali la kwanza si bei, bali ni kazi iliyofanywa na chombo hicho hapo awali. Pipa lililowahi kuwekwa dawa ya kuua wadudu au magugu lisinunuliwe kamwe kwa ajili ya maji ya kuoga wala ya kunywa, hata likioshwa mara kumi, kwa sababu sumu hubaki. Pipa lililowahi kuwekwa petroli lisikatwe wala kuchomelewa, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka upatapo cheche. Muuzaji asiyeweza kueleza chombo chake kilitumika wapi, aachwe na chombo chake.

Ufipa ni nchi iliyojua chuma tangu zamani. Wahenga walikiyeyusha katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu. Basi na chuma hiki kitazamwe kwa makini. Tangi lijazwe maji baridi hadi juu, liachwe usiku na mchana. Likivuja penye maungio, fundi bomba atabadili washa na kazi itakwisha. Likivuja mwilini, lirudishwe kwa mwenyewe: kutu iliyotoboa mahali pamoja imekwisha kupunguza unene mahali pengine.

Uchafu usioonekana

Maji yakikaa ya uvuguvugu ndani ya tangi au bomba, utando wa utelezi huota kwenye kuta. Ndani ya utando huo huishi bakteria waitwao Legionella, ambao hustawi katika joto la nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi. Hawamdhuru mtu kwa kugusa maji tu; humwingia kifuani pamoja na matone madogo ayavutayo kwa pumzi, nao huleta homa kali ya mapafu. Walitambuliwa baada ya watu wengi kuugua katika mkutano wa askari wa zamani mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976.

Somo kubwa zaidi lilitoka Uholanzi. Mwezi Februari 1999, katika mji wa Bovenkarspel, palifanyika maonyesho ya maua. Pamoja na bidhaa nyingine palikuwa na bafu kubwa la maji moto yanayobubujika, lililowekwa kwa kutazamwa, si kwa kuoga. Wageni walipita kando yake wakavuta hewa yenye matone ya maji hayo. Watu zaidi ya 100 waliugua, na zaidi ya 20 wakafariki. Chombo chenyewe kilipendeza kwa macho.

Namna ya kusafisha

Kwanza, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, au moto uzimwe na tangi lipoe kabisa. Pili, maji yote yamwagwe na tope la chini litolewe. Tatu, kuta zisuguliwe kwa brashi, na ukoko wa chokaa ulainishwe kwa siki. Nne, siki yote isuuzwe kwa maji mengi. Hapa pana onyo: siki au asidi yoyote ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu. Kamwe zisichanganywe.

Tano, tangi lijazwe maji baridi yenye klorini. Kwa lita 200 za maji, mililita 300 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 zatosha. Kila bomba lifunguliwe hadi harufu ya dawa isikike, kisha lifungwe, na maji yaachwe usiku kucha bila kupashwa moto. Asubuhi yamwagwe yote, mbali na bustani na kisima, na mabomba yasuuzwe hadi harufu iishe. Bomba lililosahauliwa ndilo litakalorudisha uchafu katika tangi lililo safi.

Baada ya hapo maji ndani ya tangi yasipungue nyuzi 60. Lakini maji ya joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo yachanganywe na ya baridi kabla ya kumfikia mwogaji, hasa mtoto na mzee.

Kasoro na dawa yake

Maji yasipopata moto, koili isilaumiwe mara moja. Fundi umeme aanze na swichi, kisha themostati, halafu atazame kama koili imefunikwa na ukoko. Na asiwashe kamwe tangi likiwa tupu, maana koili bila maji huungua upesi. Aidha, ahakikishe kwamba waya wa ardhini umefungwa sawasawa, kwani mwogaji husimama juu ya sakafu yenye maji.

Maji ya moto yakitoka mekundu na ya baridi yakitoka meupe, kutu imo tangini. Yakiwa mekundu yote mawili, sababu itafutwe katika mabomba au katika chanzo cha maji. Matangi mengi ya chuma huwa na fimbo ya magnesi iliayo badala ya tangi. Ikiisha, zamu ya kuliwa ni ya tangi lenyewe. Fimbo hiyo hubadilishwa, nayo haigharimu kama tangi.

Vali ya usalama ikidondosha maji, watu wengi huiziba kwa kijiti au kwa bolti. Hilo ni kosa la kuua. Maji yapatapo moto hutanuka: lita 100 zilizopashwa kutoka nyuzi 10 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita moja na nusu, na ziada hiyo haina budi kupata njia. Ikikosa njia, shinikizo hupanda. Katika chungu kisichofunikwa hapa Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi karibu 94. Ndani ya tangi lililozibwa hupita kiwango hicho bila kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hugeuka mvuke kwa ghafla, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ukuta wa nyumba hauwezi kuzuia nguvu hiyo. Vali inayodondosha bila kukoma ibadilishwe kwa vali mpya ya kipimo kile kile.

Wajibu wa kamati

Katibu aandike katika mukhtasari bei ya tangi, vali mpya, fimbo, dawa na ujira wa fundi. Jumla hiyo ndiyo bei halisi, nayo ndiyo ilinganishwe na bei ya tangi jipya. Mapatano na muuzaji yaandikwe kwamba salio litalipwa baada ya tangi kujaribiwa. Kisha ateuliwe mtu mmoja, kwa jina, wa kupima joto kila juma na kulisafisha tangi kwa wakati wake. Chombo cha wote kisicho na mtunzaji hakikawii kuharibika, na mgeni aliyelipa ili aoge haulizi kama tangi ni jipya au kuukuu. Ameukabidhi uhai wake kwa chama.