Mashini ikigoma kuwaka, tusikimbilie kufuta

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wamemba

Komite ilituomba tuseme juu ya kitu kinachosumbua vikundi vingi tunavyotembelea: kompyuta ya ofisi inagoma kuwaka. Tutaenda polepole. Hata asiyewahi kugusa kompyuta asikilize, sababu hii si shauri la sekretere peke yake.

Ndani ya ile mashini kuna nini? Kuna liste ya michango: nani ametoa, nani amekopa, nani anangoja zamu yake. Kuna picha za karatasi ambazo watu walirudi nazo kutoka Nyarugusu na Lugufu, na vyeti vya watoto waliosomea kule Tanzania. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Mtu akipoteza karatasi ya kule, ataenda kubisha mlango gani? Ndiyo maana mashini ikinyamaza, watu wanaanza kuangaliana vibaya.

Neno la kwanza la kushika ni hili: mashini isiyowaka, kwa kawaida haijapoteza vitu. Mara nyingi ni kama nyumba ambayo kitasa kimekwama. Vyombo viko ndani bado. Hatari inakuja pale fundi anaposema, "Niachieni, nitaiformate." Kuformate ni kufuta vyote na kuanza upya. Mashini itawaka vizuri kabisa, lakini liste haitakuwamo.

Kwa hiyo kabla ya kuita fundi, tuangalie imekwama kwenye hatua gani.

Hatua ya kwanza: hakuna taa, hakuna sauti. Hapo tuanze na umeme. Chomeka simu kwenye prizi ileile. Kama simu haipokei chaji, shida si ya mashini. Kama ni kompyuta ya mezani, angalia kidude cha nyuma chenye alama 0 na 1; kiwe kwenye 1. Kama ni ya kubeba, chomoa chaja, toa batri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, ujaribu. Wengi watashangaa kuona inaamka.

Hatua ya pili: taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Jaribu kioo kingine, kama kipo. Kama mashini inalia bip, bip, hesabu milio na uiandike. Kila kampuni iko na maana yake, na fundi atahitaji ile hesabu. Mara nyingi ni kile kipande cha kumbukumbu kimelegea au kimeshika vumbi. Mwenye kuzoea azime, achomoe umeme, akitoe, akipanguse kwa kitambaa kikavu, akirudishe mpaka kikae vizuri.

Hatua ya tatu: jina la kampuni linaonekana, kisha maneno yanasema haioni diski. Kwanza chomoa flashi, ile wengine wanaita kle. Mashini zingine zinatafuta pa kuanzia ndani ya flashi na kukwama pale. Kama shida inabaki, tega sikio. Ukisikia diski inagonga, tak-tak-tak, zima mara moja na usiwashe tena. Diski inayogonga inaendelea kuharibika kila ukiiwasha.

Hatua ya nne: Windows inaanza, duara linazunguka, kisha inazima na kurudia. Kwetu hii inatokea sana umeme ukikatika kazi ikiwa katikati. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida zinafungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Mashini zetu nyingi zinaandika Kifaransa: tafuta "Dépannage", kisha sehemu ya kutengeneza namna Windows inavyoanza. Ikikuuliza kati ya "Conserver mes fichiers" na "Supprimer tout", usiguse ya pili.

Kuna shida ingine ndogo: kila ukiwasha, saa na tarehe vimerudi nyuma miaka mingi. Hapo ni batri ya duara, ndogo kama sarafu, inayoandikwa CR2032. Inabadilishwa, na kazi inaendelea.

Kama haya yote yameshindikana, sasa tumuite fundi, tukiwa na sharti moja: anakili mafaili kwanza. Anaweza kutoa diski na kuifunga kwenye mashini ingine, au kuwasha kwa flashi yenye programu ya Linux. Wamemba wawili wakae pale, wafungue liste wenyewe kwenye mashini ingine na kuiona. Baada ya hapo, hata akiformate, hatuna neno. Na tukumbuke kwamba mule ndani kuna majina, namba za simu na makao ya watu. Hivyo havipaswi kubaki kwa fundi usiku kucha bila mtu wa kikundi.

Marafiki munaotusaidia, asante kwa mashini mulizoleta. Tunaomba mujue kwamba mashini bila stabilizateri na bila batri inayoishikilia umeme ukikatika, haitadumu. Bei ya vile vitu ni ndogo kuliko ya mashini mpya, na flashi ni ndogo zaidi.

Sisi tunaofanya kazi na nyinyi tunaomba mkutano ukubali mambo matatu. Moja, daftari la karatasi lisiachwe hata siku moja. Mchango uandikwe pale kwanza, mbele ya aliyetoa. Mbili, kila mwisho wa mwezi liste inakiliwe kwenye flashi mbili zenye neno la siri, na zikae kwenye nyumba mbili tofauti. Hapa kila mtu anajua kukimbia ni nini: kompyuta inabaki, flashi inaingia mfukoni. Tatu, fundi yeyote asiguse diski bila karatasi yenye sahihi za wana komite wawili.

Flashi hazina maana kama hakuna anayezijibia. Basi kabla hatujaachana leo, tuchague wale watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanaume, na majina yao yaandikwe kwenye daftari.