Jeki hupandisha, haishikilii

Msikilizaji wa Arua Hill, nawe uliye Koboko, leo tunazungumza na mwenye gari anayefungua tairi mwenyewe nyumbani.

Kazi ya jeki ni kupandisha gari. Kulishikilia si kazi yake. Jeki ya mafuta ina mpira mdogo ndani unaozuia mafuta yasivuje. Mpira huo ukilika, gari hushuka, pengine taratibu, pengine ghafla. Nasi tumezoea kuweka matofali ya kuchoma chini ya gari! Tofali hubeba nyumba kwa kuwa uzito umetawanyika. Chuma cha gari kikilikandamiza mahali pamoja, tofali hupasuka bila kuaga. Nunua stendi mbili za chuma, zilizoandikwa tani zinazoweza kubeba.

Udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha huwa uji, basi tafuta sakafu ya saruji, tena iliyo sawa. Legeza nati tairi likiwa bado chini. Vuta breki ya mkono, kisha weka kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Usiitegemee breki hiyo peke yake: katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu, na ukiinua nyuma ndiyo imekwisha.

Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa mkono. Likitikisika, lishushe uanze upya. Waondoe watoto karibu, na usiingize kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.