Ukungu wa Lenzi si wa Aina Moja

Masika yakiingia katika miji yetu ya pwani, nguo kabatini hunuka uvundo, viatu vya ngozi huota utando wa kijani, na chumvi hulowa ndani ya kopo lake. Hayo kila mtu huyaona. Kinachoota ndani ya lenzi ya kamera hakionekani, mpaka siku mpiga picha amekwishapokea malipo ya awali ya harusi na picha zinatoka zimepauka.

Leo nataka tuzungumze juu ya lenzi, kwa sababu mitaani kwetu lenzi si pambo. Wapo wanaosomesha watoto kwa lenzi moja: wapiga picha wa harusi, wa mahafali, na wale wa ufukweni siku za sikukuu. Simu za mkononi zimewapunguzia wateja, hilo halina ubishi, lakini bibi harusi bado huwaita. Sasa mtu wa namna hiyo fundi akimwambia, "Ndugu yangu, lenzi hii imekufa, tafuta nyingine," amemtajia akiba ya miezi mingi. Na kwa mengi niliyoyaona katika kazi hii ya habari, lenzi yenyewe mara nyingi haijafa. Haikupimwa tu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno ukungu, nalo lina maana mbili. Kuna ukungu unaofunika bonde alfajiri, na kuna ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Ndani ya lenzi yote mawili hutokea, na anayeyachanganya huharibu mali yake.

Ule wa kwanza ni mvuke. Umekaa ofisini au hotelini kwenye kiyoyozi, kamera imepoa, kisha unatoka nje kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Hewa yenye unyevu ikigusa kioo cha baridi inageuka matone madogo, na mbele yako huoni kitu. Huo si ugonjwa. Usisugue kwa ncha ya shati, wala usivue lenzi wakati huo, maana utaialika hewa ile ile iingie hadi ndani ya kamera. Subiri, utaondoka wenyewe. Asiyeweza kusubiri na afanye hivi: kabla ya kutoka kwenye ubaridi, aifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na asiufungue mpaka kamera imepata joto la nje. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Matone yatashika mfuko badala ya kioo.

Ukungu wa pili ni kuvu, na huyu ni kiumbe hai. Vijimbegu vyake vipo hewani kila mahali, vinangoja unyevu, giza na hewa isiyotembea. Unyevu hewani ukikaa siku nyingi juu ya asilimia 65 au 70, huota. Na sisi wa pwani asubuhi nyingi tunapita 80. Huanza pembezoni mwa kioo kwa nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Ili kuitambua, vua lenzi, fungua tundu lake la mwanga lote, mulika tochi upande mmoja na chungulia upande wa pili kwa mshazari. Vumbi litaonekana kama vinyota vilivyotawanyika. Kuvu itaonekana kama mizizi.

Vumbi kidogo la ndani liache, picha haina habari nalo. Kuvu usiiache hata wiki. Hutoa asidi inayokula ule utando wenye rangi ya zambarau au kijani uliopakwa juu ya kioo, na hatimaye kioo chenyewe. Ukiwahi, fundi anafuta na kioo kinabaki safi. Ukichelewa atafuta kuvu, lakini alama zake zimekwisha kuchorwa, na hizo hazitoki kwa pamba na spiriti.

Na wafugaji wa kuvu ni sisi wenyewe. Mkoba mzuri wa ngozi, ukafungiwa kabatini miezi sita na lenzi ndani yake, ni shamba. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka humo vile vipakiti vya chembechembe za silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na kipima unyevu kidogo kama unacho. Asilimia 40 hadi 50 inatosha. Vipakiti vikishashiba unyevu havinyonyi tena, vibadilishwe. Naftalini ya kufukuza nondo usiitie humo hata kidogo; watengenezaji wa kamera wenyewe wanaikataza. Zaidi ya yote, itumie lenzi yako, ipate mwanga na hewa.

Sasa niwape kisa cha lenzi iliyotangazwa imekufa. Kijana mmoja mpiga picha wa harusi alinieleza kwamba picha za ukumbini zilikuwa zinatoka vizuri, lakini za bustanini mchana zote nyeupe, sura za maharusi zimefutika. Fundi wa kwanza alimwambia anunue nyingine. Fundi wa pili, mzee wa makamo aliyeanza kazi enzi za filamu, alimuuliza swali moja tu: za bustanini unapigia namba ngapi? Kijana akajibu kumi na moja, kumi na sita.

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Ndani ya lenzi kuna vibapa vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Katika kamera zenye kioo cha kuakisi, vibapa hukaa wazi ili mpigaji aone vizuri, kisha vinaruka kujifunga mara tu unapobonyeza. Ukiiacha lenzi juu ya dashibodi ya gari juani, grisi ya ndani hulainika na kutambaa mpaka kwenye vibapa. Vinanata, vinachelewa, mwanga mwingi unaingia, picha inakuwa nyeupe. Ukumbini, ambako tundu huachwa wazi, kasoro haionekani kabisa. Mzee yule alivifungua, akaviosha mafuta, akavirudisha vikavu. Gharama yake haikukaribia hata kidogo bei ya lenzi mpya, na kijana alirudi kazini wiki ile ile.

Kuna na kasoro zisizo za lenzi hata kidogo. Ukiona madoa meusi angani katika picha zako, badili lenzi upige tena ukuta mweupe kwa namba 16. Madoa yakibaki pale pale, yako kwenye kihisi, kile kibao kilichochukua nafasi ya filamu, na lenzi yako imesingiziwa. Kamera ikigoma na kuandika kosa kwenye kioo chake, izime, vua lenzi, futa vile vituo vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu safi, kisha jaribu tena. Na fokasi ikikataa kujivuta, tazama kwanza kijiswichi kilicho ubavuni mwa lenzi. Msicheke, wapo waliolipa fundi kwa ajili ya kijiswichi hicho.

Kufungua lenzi nyumbani sikushauri mtu. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba wa aina yake, na bisibisi ya kawaida ya duka la baiskeli huzila vichwa. Kisha kuna ile pete ya fokasi yenye hesi kadhaa zinazoingiliana. Asiyeweka alama mahali zilipoachana anaweza kuirudisha vibaya, na tangu siku hiyo lenzi haioni mbali. Kwa hiyo unapompelekea fundi, mwulize kama ataweka alama, na mwambie akuonyeshe kasoro kwa tochi kabla hajafungua chochote.

Tochi hiyo hiyo nenda nayo unapokwenda kununua lenzi ya mtumba. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele usikutishe, isipokuwa unapenda kupiga ukielekea jua; wa kioo cha nyuma ni mbaya zaidi. Kama lenzi ina kijino nyuma, kisogeze uone kama vibapa vinaruka au vinajikokota. Muuzaji akikukatalia kumulika, mrudishie lenzi yake.