Mlemavu, Serikali na Jaji



Nimeombwa niseme juu ya mahakama na haki za wanyonge. Mfano wangu natoa Marekani, si kwa kuwa nchi hiyo ni ya malaika, bali kwa kuwa katika miaka ya 1980 serikali yake iliwatendea walemavu jambo ambalo sisi Wakenya tunalitambua mara moja: iliwahukumu kwa kanuni ambayo haikuwaonyesha.

Kwa sheria ya 1956, Marekani ilianza kuwalipa wafanyakazi waliopatwa na ulemavu hata wasiweze tena kujitafutia riziki. Malipo hayo si sadaka, kwani mfanyakazi huyachangia kutoka mshahara wake. Anayekataliwa huiomba idara itazame upya. Akikataliwa tena, husikizwa na hakimu aliyeajiriwa na idara hiyo hiyo, kisha huenda kwenye baraza la rufani la idara. Akishindwa huko ana siku 60 za kupeleka shauri lake katika mahakama ya shirikisho, mbele ya jaji ambaye idara haimwajiri wala haiwezi kumfuta.

Tuifahamu vyema kazi ya jaji huyo. Yeye si daktari, hampimi mgonjwa. Hufungua faili na kuuliza maswali mawili. Je, idara imefuata sheria? Je, uamuzi wake una ushahidi wa kutosha? Jibu likiwa la, huirudisha kesi ikaamuliwe upya, na pengine huamuru mtu alipwe. Ni uwezo mdogo kwa kuutazama, lakini ofisi inayojua kwamba faili zake zitafunguliwa na mgeni haiandiki ovyo.

Mwaka 1980 Bunge la nchi hiyo liliagiza wanaolipwa wachunguzwe kila miaka mitatu, isipokuwa wale ambao ulemavu wao ni wa kudumu. Kuanzia Machi 1981 serikali ya Rais Ronald Reagan iliuharakisha uchunguzi huo. Kufikia 1984 watu wanaokaribia nusu milioni walikuwa wameandikiwa kwamba malipo yao yanakatwa. Idara haikujiona kuwa na wajibu wa kuthibitisha kwamba mtu amepata nafuu. Ilitosha kwamba mpimaji mpya alikuwa na maoni tofauti. Hadi Bunge liliporekebisha jambo hilo Januari 1983, mtu alikatwa malipo huku rufani yake ikingoja kusikizwa. Hatimaye watu wapatao 200,000 walirudishiwa haki yao baada ya kukata rufani.

Walioumia zaidi walikuwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1983 jiji la New York, jimbo lake na baadhi ya wagonjwa waliishtaki serikali. Mahakamani ikafichuka kwamba tangu 1978 idara ilikuwa na kanuni ya ndani, isiyotangazwa popote: mgonjwa wa akili ambaye hali yake haikulingana na orodha ya maradhi mazito alihesabiwa moja kwa moja kuwa anaweza kazi isiyohitaji ujuzi, bila yeye mwenyewe kuchunguzwa kama sheria ilivyotaka. Jaji Jack Weinstein, wa mahakama ya Brooklyn, aliipinga kanuni hiyo Januari 1984. Serikali ikakata rufani, ikidai kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamezipitisha siku zao 60, na wengine hawakumaliza ngazi zote za idara. Mwaka 1986 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilijibu kwa kauli moja: hamwezi kumhesabia mtu siku juu ya jambo mlilomficha. Mashauri ya watu zaidi ya 50,000 yakaamriwa kufunguliwa upya.

Hata hivyo, kushinda kesi si kushinda haki. Mahakama ya rufani inayosimamia California na majimbo jirani iliamua kwamba mtu asikatwe malipo bila ushahidi wa kupata nafuu. Idara ikawalipa walioshtaki, kisha ikawaagiza watumishi wake wasiifuate hukumu hiyo kwa mtu mwingine yeyote! Ilibidi jaji mwingine, mwaka 1983, aiamuru itii. Magavana kadhaa wakakataa majimbo yao yasitumiwe kuwanyima watu malipo, na malalamiko ya wananchi yakafika Bungeni. Mwaka 1984 mabunge yote mawili yakapitisha sheria mpya bila kura hata moja ya kupinga, na Reagan mwenyewe akaitia sahihi: asiyepata nafuu asikatwe.

Wapendwa, tusisahau yaliyotokea kwetu. Mwaka 1988 Bunge letu liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi yao, nao ukarudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi. Jaji anayeweza kufutwa kwa simu moja hathubutu kufungua faili ya serikali. Ndiyo maana kupigania uhuru wa mahakama hakukuwa shughuli ya mawakili peke yao. Kulimhusu kipofu na kiwete wa kijijini.

Leo tunayo Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kifungu cha 47 kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya 2015 inamfungulia njia ya mahakamani. Basi, mlemavu wa parokia yako akifutwa katika orodha ya fedha za serikali, usimwambie avumilie tu. Mwandikieni barua ya kuuliza sababu, itieni tarehe, wekeni nakala. Rufani ya ofisini ifuatwe kwanza, kwa kuwa mahakama itauliza kama ilifuatwa. Ofisi isipojibu, au jibu lake likiwa halina msingi, mtafuteni wakili twende kwa jaji. Na jaji akishaamua, tusirudi nyumbani kulala; tuangalie kama ofisi imetii, tena kwa wote, si kwa yule mmoja aliyeshtaki.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunasema: haki yake mpeni, na sababu zenu mziandike, ili jaji azisome.