Kura ya Kuwapata Wahesabu Kura

Katika Kiswahili neno kura lina maana mbili: kuchagua na kubahatisha. Nchini Mexico maana zote mbili hukutana katika kituo kimoja cha kupigia kura.

Mwezi Julai 1988 uchaguzi wa nchi hiyo uliendeshwa na tume iliyoongozwa na Waziri wa Mambo ya Ndani. Matokeo yalipoanza kuingia, ikatangazwa kuwa mitambo ya kuhesabia imekwama. Hatimaye Carlos Salinas, mgombea wa chama tawala, akatangazwa mshindi. Ni wananchi wangapi wangesadiki? Mwaka 1990 iliundwa taasisi maalumu ya uchaguzi, na mwaka 2014 ikarithiwa na Taasisi ya Taifa ya Uchaguzi.

Taasisi hiyo hupiga kura ya mwezi wa kuzaliwa, na asilimia 13 ya waliojiandikisha katika kila eneo, wasiopungua 50, huitwa kufunzwa. Baadaye hupigwa kura ya herufi ya jina la ukoo. Viongozi wa vyama hawaruhusiwi. Mawakala wao hutazama tu. Majirani ndio wanaohesabu.

Wako wanaokataa wito, na hapo ndipo penye udhaifu. Wateule wasipotokea, sheria huruhusu nafasi zao zijazwe na wapiga kura waliomo kwenye foleni, ambao hawakufunzwa. Hata hivyo, jirani asiye na mafunzo ni afadhali kuliko ofisa aliyefunzwa na waziri. Mwaka 2000 majirani hao walihesabu, na chama kilichotawala miaka 71 kikashindwa urais.